Mninga, Mbao Isiyocheza

 

Leo nimeingia studio na kipande cha ubao. Redio haioneshi, kwa hiyo nitakueleza nilichokishika. Ni kipande kifupi, hakizidi kiganja na vidole vyake. Upande mmoja rangi yake ni ya asali iliyokolea, yenye michirizi ya kahawia na wekundu kidogo. Upande wa pili kuna ukanda mweupe, upana wa vidole viwili, na ukanda huo umetobolewa matundu madogo madogo kama ya sindano. Nikiugonga mezani, sikia, unga unamwagika. Lakini ile sehemu ya asali haina tundu hata moja. Ni mti mmoja, umekatwa siku moja na umekaa nyumba moja. Upande huu umeliwa, upande huu uko kama ulivyotoka kwenye randa ya fundi.

Kipande hiki ni mninga. Na mninga ndio tutakaouzungumzia leo.

Nianze na nilivyofundishwa kuujua. Nilipokuwa ndiyo kwanza naanza maisha nilinunua kitanda, tano kwa sita, kwa wauza samani wa kando ya barabara. Muuzaji aliniapia: "Huu ni mninga mtupu, ndugu yangu, watalalia mpaka wajukuu." Kilikuwa kinang'aa kwa vanishi, nami nikalipa bila kuuliza la pili. Mwaka wa pili, asubuhi moja nafagia uvunguni, nikakuta unga mweupe, laini kama unga wa muhogo. Nikafagia. Kesho yake upo tena. Kabla mwaka haujaisha mfumbati ulikatika usiku, mtoto amelala. Hakuumia, namshukuru Mungu, lakini usiku ule sikulala tena.

Asubuhi nikakibeba kipande kilichokatika mpaka kwa mzee mmoja seremala mtaani kwetu, mwenyeji wa Urambo, mtu aliyeshika randa tangu ujana wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naona umeniletea mgonjwa."

"Mzee, mimi niliambiwa mninga hauliwi na wadudu."

Hakunijibu. Alikibana kile kipande mezani, akapitisha randa mara tatu upande wenye vanishi. Rangi yote ya kahawia ikaondoka na maranda, na chini yake kukawa kweupe kama mkate. "Jina hukudanganywa," akasema. "Mninga ni mninga. Ila moyo wake waliuza kwingine, wewe wakakupa weupe, wakaupaka rangi."

Msikilizaji, neno hilo naomba ulishike, maana nitalirudia: mninga ni moyo wake. Miti mingi mikubwa ina sehemu mbili. Ya nje, iliyo karibu na gome, ndiyo inayopandisha maji kutoka mizizini, na humo mti huweka akiba yake ya wanga. Wanga ni chakula. Wewe unakula ugali, na fukusi naye anakula wanga wa mti. Sehemu ya ndani imekwisha kustaafu, haipandishi tena maji. Mti umeondoa chakula humo na kuijaza vitu vichungu, vya rangi, vyenye harufu, ambavyo wadudu na kuvu hawavipendi. Huo ndio moyo, au kiini kama wanavyosema wengine. Kwa mninga, kiini ndicho chenye rangi ya asali na ndicho kinachokaa miaka mingi bila kuoza na bila kuliwa na mchwa kirahisi. Weupe wa mninga hauna ubora wowote uliozidi weupe wa mti mwingine. Kwa hiyo mtu akikuambia "huu ni mninga", swali lako liwe: moyo au weupe?

Sasa, kudumu peke yake hakutoshi kuupa mninga heshima uliyo nayo. Kuna miti migumu kuushinda. Mpingo ni mgumu na mzito mno, ukiutupa majini unazama. Mninga uliokauka unaelea. Ni mbao ya uzito wa wastani, mita moja ya ujazo ina kilo 600 na kitu hivi, na ndiyo maana mlango wa mninga unaweza kubebwa na watu wawili bila kuumia mgongo. Basi mafundi wanaupendea nini?

Muulize seremala yeyote wa siku nyingi, atakujibu kwa maneno mawili: "Mninga hauchezi."

Hauchezi maana yake nini? Wewe mwenyewe unaujua mchezo wa mbao, ila labda hukuupa jina. Msimu wa mvua ukifika, mlango wa chumbani unakataa kufunga, unausukuma kwa bega. Kiangazi kikija mlango ule ule umekonda, mwanga unapita pembeni na komeo halifikii tundu lake. Mbao hunywa unyevu wa hewa ikavimba, hewa ikikauka nayo inakonda. Tena haikondi sawasawa, ndiyo maana nyingine hupinda kama ukindu juani na nyingine hupasuka. Fundi anaweza kukutengenezea kabati safi kabisa mwezi wa nne, mwezi wa tisa droo hazitoki.

Mninga hufanya hivyo kidogo sana. Chukua ubao mbichi wa mninga wenye upana wa sentimita 30. Uanike kivulini mpaka ukauke vizuri. Kwa kawaida utakuwa umekonda pungufu ya nusu sentimita. Mtiki, ambao dunia nzima wanausifia kwa utulivu, unakonda kuliko hapo. Unauona uzito wa jambo hili? Droo ya mninga iliyotengenezwa vizuri huteleza mwaka mzima. Dirisha la mninga linafunga Januari na linafunga Julai.

Juu ya hayo, unatii mkono wa fundi. Randa inapita bila kugombana na nyuzi zake, isipokuwa pale nyuzi zilipopishana, na fundi mzuri huhisi hilo mkononi kabla hajaharibu. Unashika msumari na skrubu. Ukipigwa msasa na kupakwa vanishi, ile michirizi inaamka, kila ubao na sura yake. Na harufu ya maranda yake yakiwa mapya ni ya utamu mkavu, karakana nzima inanukia. Mimi mpaka leo nikipita mahali mninga unapigwa randa nasimama kidogo.

Lakini una madai yake, na mengi yanavunjwa na haraka zetu. La kwanza, mninga hukauka taratibu. Haupasuki kirahisi wakati wa kukauka, ila unataka muda. Siku hizi mti unapasuliwa mbao juma hili, juma lijalo ni kitanda. Hapo hata mninga utacheza, na kosa si la mti. La pili linawahusu mafundi moja kwa moja, nami nalisema kwa msisitizo. Vumbi la mninga linadhuru. Linawasha pua na macho, na wapo linaowaletea pumu. Yule mzee wangu wa Urambo hupiga msasa amejifunga kitambaa chenye maji puani, na vijana wake amewalazimisha hivyo hivyo. Kama karakana yako ina mashine, barakoa ni zana ya kazi kama msumeno ulivyo zana ya kazi. Fungua na madirisha.

Je, mti wenyewe unaufahamu? Wengi tunaujua mninga ukiwa kitanda. Tuuangalie ukiwa umesimama.

Ukitoka Tabora kwenda Urambo, ukishuka Mpanda, ukipita Chunya, au ukienda kusini Tunduru, Liwale na Nachingwea, hiyo ni nchi ya miombo. Ukanda huo wa miombo unaendelea Zambia, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe mpaka Angola, na mninga unaufuata. Zambia na Zimbabwe wanauita mukwa, Malawi mlombwa, Msumbiji umbila. Haukai kundi. Unakuta mmoja hapa katikati ya miombo, unatembea kitambo, unakuta mwingine. Gome lake ni la kijivu kilichokolea, limepasuka vipande vipande vya pembe nne kama ngozi ya mgongo wa mamba. Mwishoni mwa kiangazi, ardhi ikiwa kavu, unatoa maua ya manjano yanayoelekea rangi ya chungwa, na nyuki wanaujaa. Baadaye huja matunda yake, na haya ukiyaona mara moja hutayasahau. Kila tunda ni duara, pana kama kisahani cha kikombe, pembeni jembamba kama karatasi, na katikati lina donge lenye miiba laini kama nywele ngumu. Majani yakishapukutika, matunda yanabaki yananing'inia mpaka upepo uyachukue.

Ukiukata mninga gome, unatoa utomvu mwekundu. Si wa kufanana na damu kwa mbali, ni mwekundu hasa, unatiririka. Watu wa nchi za miombo wameutumia kutia rangi vitu na wazee wamekuwa na dawa zao za huo utomvu. Mtu aliyeshika shoka kwa mara ya kwanza mbele ya mninga hushtuka.

Na sasa nifike pale nilipokusudia kufika tangu mwanzo. Mche wa mninga unakuaje?

Mbegu huota mvua zinaponyesha. Mche unatoa majani, unafika gotini labda. Kiangazi kinakuja, moto wa nyika unapita, shina linakufa mpaka ardhini. Ungepita hapo ungesema umekwisha. Lakini chini mzizi uko hai, unanenepa. Mvua zikirudi unachipua tena. Kiangazi kikirudi shina linakufa tena. Unachipua, unakufa, unachipua, unakufa, miaka kadhaa mfululizo, na muda wote huo kazi inafanyika chini. Siku mzizi ukishakuwa na akiba ya kutosha, ndipo shina linapanda kwa nguvu msimu mmoja au miwili, linapita urefu wa moto, na gome linaanza kuwa nene. Hapo tu ndipo safari ya kuwa mti inapoanza.

Hii ndiyo sababu hukuti mashamba makubwa ya mninga kama yale ya mitiki ya Longuza kule Muheza, au ya misonobari ya Sao Hill, Mufindi. Mninga haupendi kuharakishwa. Na mti huu hujiandikia umri wake: kila msimu wa mvua unaongeza pete moja ndani ya shina. Watafiti waliozihesabu pete hizo magharibi mwa Zimbabwe walikuta kwamba mti huhitaji takriban miaka 100 kufikia unene wa kuvunwa. Nchi na nchi zinatofautiana, udongo na mvua vinatofautiana, lakini hesabu yenyewe ni ya aina hiyo. Mninga wa miaka 100 uliosimama leo karibu na Urambo ulikuwa mche wakati reli ya kati ingali mpya. Msumeno wa mnyororo unauangusha kwa dakika chache.

Tumekuwa tukiuangusha vipi? Wengi mnakumbuka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya Mto Rufiji mwaka 2003. Lilikuwa jambo kubwa na jema, watu wa kusini waliokuwa wakilala ng'ambo wakisubiri kivuko walipata njia. Lakini njia hiyo hiyo ilipitisha malori ya mbao. Mninga, mkongo, mvule, mpangapanga, mpingo, vyote vilitoka kusini kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana, mpaka mwaka 2004 Serikali ikalazimika kusimamisha uvunaji kwa muda. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilionesha kwamba sehemu kubwa mno ya mapato yaliyostahili kuingia serikalini haikuingia. Wanakijiji ambao miti ile ilisimama kwao walipata kiasi kidogo sana. Mimi hilo linaniuma kuliko yote. Miaka 100 ya mvua zao na moto wao, wakaambulia vibarua vya kubeba magogo.

Wapo watafiti wengine waliofuatilia misitu inayolizunguka jiji la Dar es Salaam kati ya 1991 na 2005. Waliona uvunaji unakwenda kama wimbi linalotoka mjini. Kwanza zinaondoka mbao za thamani, nyuma yake mbao za kawaida, mwisho anakuja mchoma mkaa. Na wimbi hilo lilikuwa linasogea hadi kilomita 9 kila mwaka. Kilomita 9, msikilizaji. Piga picha kijiji unachokifahamu, kisha kijiji cha pili.

Si kwamba hakuna lililofanyika. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaviruhusu vijiji kutenga msitu wao, kuusimamia na kuvuna kwa mpango, na mapato kubaki kijijini. Kule Kilwa vijiji vilifanya hivyo, na mwaka 2009 misitu yao ya asili ilipata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji. Wakala wa Huduma za Misitu hutoa vibali na kugonga alama kwa nyundo kwenye mazao halali. Na Novemba 2022, kwenye mkutano wa mkataba wa CITES uliofanyika Panama, nchi zilikubaliana kwamba mninga na ndugu zake wote wa Afrika, mkurungu ukiwamo, wasivushwe mipaka kibiashara bila kibali maalumu. Mti uliokuwa kitanda cha kila nyumba sasa uko kwenye daftari moja na pembe za ndovu, ingawa si kwa masharti makali kama hayo.

Basi mimi na wewe tufanyeje? Tuache kununua mninga? Mimi sisemi hivyo. Kijiji kinachoutunza msitu wake kinahitaji mnunuzi, na mnunuzi akikosekana msitu huo utageuzwa shamba la tumbaku au la ufuta. Ninachosema ni kwamba tuuweke mahali sifa zake zinapofanya kazi. Nimerudia mara kadhaa: mninga hauchezi, na moyo wake hauliwi. Uweke basi panapotakiwa mbao isiyocheza na isiyoliwa. Mlango wa nje, fremu za madirisha, tendegu na mifumbati ya kitanda, droo, meza. Kwa kenchi za paa inatosha misonobari iliyotiwa dawa. Na ile fasheni ya kuvisha dari nzima ya sebule kwa mninga kuanzia ukuta hadi ukuta, mimi kwa kweli inanisikitisha. Dari haifunguki wala haifungwi, hainyeshewi, haibebi kitu. Mti wa karne moja umewekwa mahali ambapo mtu anautazama siku ya kuhamia tu.

Unapokwenda kununua, geuza kitu chini juu. Vanishi huwa inapakwa mbele; nyuma na uvunguni fundi huacha mbao wazi. Tazama hapo. Kwaruza kidogo kwa ukucha au kwa ufunguo. Ukiona weupe mpana, uliza kwa nini, na bei ishuke au uondoke. Uliza mbao zilikatwa lini. Uliza zimetoka wapi na karatasi zake ziko wapi. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Na kabla hujanunua mpya, angalia ulichonacho. Nyumba nyingi za zamani, za reli, za misheni, za walimu, za wazazi wetu, zina milango na madirisha ya mninga yaliyofunikwa na rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka. Zinavunjwa kila siku, wanaweka alumini. Mbao zile zinakwenda wapi?

Mwaka jana nilipita mahali pananyanyuliwa ghorofa. Nyumba ya zamani imekwisha kulazwa, na mafundi wamelaza mlango mmoja juu ya mtaro ili matoroli ya zege yapite. Mlango wa rangi ya kijani. Nikainama, nikakwaruza kwa ufunguo penye pembe iliyobanduka. Asali. Nilimwendea msimamizi, tukaelewana bei ndogo, nikatafuta mkokoteni hadi kwa mzee wa Urambo. Alipoiondoa rangi yote tulikuta mbao nne za moyo mtupu, hazina weupe hata wa upana wa kidole, na viungo vyake bado vimebana, ingawa vilikuwa vimepitiwa na matoroli siku sijui ngapi. Mzee alivipapasa kwa kidole gumba muda mrefu, akasema aliyekata ndimi zile alikuwa fundi.

Ule mlango sasa ni meza. Ndiyo meza ninayoandikia mazungumzo haya, kila juma. Tundu la kitasa lipo bado, upande wa kulia, karibu na ninapoweka kikombe. Mzee aliniuliza kama alizibe, nikamwambia aache, na kalamu zangu zimekuwa zikidumbukia humo tangu siku hiyo.

Juma lijalo, muda kama huu, nitakuwa nanyi tena tuzungumzie namna ya kukausha mbao nyumbani bila tanuri. Mpaka hapo, usiku mwema.